Mdomo wa Karani

Desemba iliyopita nilialikwa harusi moja Webuye, na nikiwa kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, mwanamke mmoja mwenye mvi za mbele alinishika kiwiko akaniuliza kama mimi si yule Naliaka wa dawa za ng'ombe. Nilitaka kumjibu kwa ukali, maana hakuna anayependa kukumbushwa kupe mbele ya pilau, lakini nilipomtazama vizuri niliona paji la uso la Mama Wanjiru, pana na lenye mkunjo mmoja katikati, nikajua ni Nasimiyu, binti yake. Tulikuwa hatujaonana tangu tulipomzika mamake. Tulitafuta viti viwili mbali na spika, tukala, tukaulizana habari za watoto na za shinikizo la damu, na mwisho akatoa lile lililokuwa likimkera. Alisema mamake alikuwa akiwaambia kwa simu, yeye na ndugu zake waliokuwa Nairobi, kwamba kasuku amerudi kuita kwa sauti ya baba yao. Wao hawakuwahi kumsikia. Mara chache walipokuja Kitale ndege alikuwa akiwatazama tu kama watu wa kodi, na alikufa mwaka mmoja kabla ya mama mwenyewe. "Sasa wewe ndiye ulikuwa karibu," akasema. "Aliwahi kurudi kuita kama baba, ama mama alikuwa anatupoza tu?" Nilimwambia jambo hilo haliwezi kuelezwa kando ya spika. Akanitaka nimwandikie. Basi naandika, na kwa kuwa nikianza kuandika huwa sijui kuacha, nauandika mwaka mzima.

Mwaka wenyewe ulikuwa 2004, nami nilikuwa na miaka ishirini na moja. Habari za kwetu Bungoma naziacha, zingetosha kitabu kingine na zingeniletea kesi. Nilikuwa nimepata kazi katika duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Kitale, na aliyenipa chumba ni Mama Wanjiru, mjane wa fundi wa matrekta, katika kiwanja chake nje kidogo ya mji, mahali ambapo nyumba zinakwisha na mashamba ya mahindi yanaanza bila kuagana. Chumba changu kilishikana na jikoni kwake. Kilichotutenganisha kilikuwa ukuta wa mbao uliobandikwa magazeti, na gazeti halizuii kitu. Nilimsikia akichochea jiko, akipembua maharage, akiomba, akimlaumu paka. Kitale ni mji wa baridi, watu wa Bungoma hatukuzoea, na wiki za mwanzo nililala na soksi mbili na koti jeupe la dukani juu ya blanketi. Lile koti ndilo lililonipa cheo. Siku ya pili tu majirani walianza kuniita daktari, nami sikuwa najua zaidi ya kusoma maandishi yaliyo nyuma ya chupa.

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na mwanamume akikohoa nyuma ya ukuta. Alikohoa mara mbili, kavu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo la maana, kisha akaita: "Wanjilu! Chai!" Nilikaa kitandani ghafla. Mama alikuwa ameniambia jana yake kwamba mumewe alifariki mwaka uliopita na anaishi peke yake, na sasa huyu alikuwa nani? Nilikuwa nimeshika kiatu tayari, sijui nilitaka kumpiga nani, niliposikia miguu ya Mama ikienda mbio, mbio kabisa, na kikombe kikigongana na sahani. Nilipotoka kunawa uso nilimkuta mwanamume wangu kwenye tundu karibu na dirisha la jikoni: ndege wa kijivu, mkia mwekundu, amesimama wima kama mtu anayesubiri umweleze shida yako halafu akwambie urudi kesho. Ndiyo maana Mzee Wekesa, marehemu, alikuwa amempa jina Karani. Mbele ya tundu kulikuwa na kikombe cha udongo kilichojaa chai, kinatoa mvuke. Mama alisema ni chai ya mzee. Hakuna aliyeinywa ikiwa moto. Yeye mwenyewe aliinywa baadaye, baada ya yake, ili isiharibike.

Mzee Wekesa alikuwa Mbukusu wa karibu na Kibabii, na Mama alikuwa Mkikuyu ambaye wazazi wake walikuja Trans-Nzoia kulima. Nyumbani walikutana katikati, kwenye Kiswahili, na mzee hakuwahi kuweza kulitamka jina la mkewe. Alimwita Wanjilu tangu siku ya kumchumbia, na Mama alimcheka tangu siku hiyo hiyo. Alipofariki, watu wa ukoo walikuja wakamchukua wakamzika kwao, kama desturi ilivyo, na Mama alirudi Kitale kwa sababu nyumba na shamba vilikuwa Kitale. Mwili ulikaa Bungoma, sauti ikabaki jikoni. Mimi wakati huo niliona ni kichekesho, mjane kumkimbilia ndege na chai. Niliwasimulia dukani, tukacheka. Leo ninapoamka na kuona upande wa pili wa kitanda umetandikwa vizuri, bila mkunjo, sicheki tena, lakini wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na moja na kila upande wa kitanda ulikuwa wangu kwa hiari yangu.

Chakula cha nyumba ile ndicho kilichoniweka Kitale, baridi au si baridi. Mama alipika mukimo, viazi na mahindi na majani ya malenge vimepondwa pamoja mpaka vikawa kitu kimoja cha kijani, na aliuponda yeye mwenyewe kwa mwiko mkubwa huku amebana sufuria kwa miguu. Alinipa mimi, akala yeye, na sehemu ya kwanza kabisa, ile laini ya juu, alimpa Karani. Asubuhi alimpa mkate uliochovywa kwenye chai. Jioni uji. Njugu alimsagia. Nilimuuliza kama ndege hawatakiwi kula nafaka nzima, akanitazama kama mtu asiye na malezi. "Huyu amefiwa," akasema. "Kwetu mtu akifiwa hatumpi kitu ya kutafuna. Tunampondea." Zamani, aliniambia, mzee alikuwa akikaa naye mlangoni jioni na mahindi ya kuchoma, anakula punje na kumpa Karani gunzi, na Karani analisaga siku nzima mpaka sakafu inakuwa kama ya kinu. Alimwekea pia tawi la mpera la kusimamia ndani ya tundu, akilibadilisha likiisha kutafunwa. Kabla ya mazishi, kwa kuwa mashemeji walikuwa wanakuja na nyumba ilitakiwa kuwa safi, Mama alitoa magunzi, akatoa tawi, akaweka kipande cha bomba la maji la plastiki, laini, la kupanguswa kwa kitambaa. Ndege akaishi tangu hapo katika usafi na huruma.

Nadhani ilikuwa wakati wa kupanda, maana dukani hatukuwa na nafasi ya kukaa, nilipoona kwamba mdomo wa Karani umekuwa mrefu. Sehemu ya juu ilikuwa imeipita ya chini na kuanza kupinda kuelekea kooni, kama ukucha wa mgonjwa aliyelala hospitali muda mrefu. Mwanzoni nilidhani ndivyo alivyo. Kisha nikaona akilaza kichwa upande ili achote mukimo kwa shavu, na nusu yake ikianguka. Kasuku hupanda kwa mdomo, anaushika waya nao kama mkono wa tatu, na Karani sasa alikuwa akishika na kuteleza, akishika na kuteleza, mpaka akaacha kupanda. Kifua kilikonda, mfupa ukaonekana kati ya manyoya. Na asubuhi moja sikuamshwa. Nililala mpaka nikachelewa kazini. Nilipotoka, Mama alikuwa ameketi jikoni, kikombe cha udongo kiko mahali pake, chai imeshapoa, na Karani yuko kwenye bomba lake kimya.

"Amechoka kumngoja," Mama akasema.

Nilimwambia si hivyo, ni mdomo, ndege hawezi kula. Akasema mdomo unarefuka kwa huzuni, kama ndevu za wanaume waliofiwa. Lakini Baba Kamau, jirani aliyefuga kuku wa mayai, alikuja kuona, akacheka, akasema hiyo si kazi ya kumtoa mtu usingizini. Kuku wa mayai hukatwa midomo wasidonoane. Kisu kinapashwa moto mpaka kiwe chekundu, ncha inaondolewa na kufungwa papo hapo na joto, na kuku wote wa upande ule alikuwa amewakata yeye. "Leta yeye Jumapili baada ya kanisa," akasema. "Dakika moja tu, bana." Mama alimshukuru, akamkaribisha chai, na alipoondoka akafunga mlango kwa komeo. Alikuwa amewahi kupita kwa Baba Kamau siku ya kukata. Aliwaona kuku wamesimama mchana kutwa, vichwa chini, mamia ya kuku na hakuna sauti. Aliniambia Karani sasa amenyamaza kwa kutaka kwake, lakini akikatwa atanyamaza kwa kutoweza, na hayo ni mambo mawili.

Mwenye duka letu ndiye aliyenitajia Daktari Simiyu, daktari wa mifugo aliyestaafu na kurudi kwao karibu na Kibabii. Pikapu ya duka ilikuwa ikipeleka chumvi ya ng'ombe Bungoma Jumamosi, na dereva alikuwa tayari kutubeba. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha ya kijinga ya mtu aliyepata suluhisho. Mama alikuwa akichambua maharage. Aliposikia Kibabii, mikono ikasimama. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga kule. Nilifikiri ameudhika nami, kisha akanieleza lile ambalo nadhani hakuwa amemwambia mtu, hata watoto wake.

Asubuhi ambayo mzee alifariki, aliita chai kama kawaida. Yeye alikuwa jikoni. Hakwenda mara moja, alimjibu kwanza, akaendelea na kazi, na alipopeleka kikombe mzee alikuwa ameshaondoka, ameegemea mto kama aliye macho. "Nilimjibu," akasema. "Maneno nayajua, ni yale ya siku zote. Lakini sauti yangu, Naliaka, sauti niliyomjibia nayo, nimeitafuta siwezi kuipata. Siku hiyo kuni zilikuwa mbichi, nilikuwa na hasira na moto. Nafikiri nilimfokea. Nafikiri mtu wangu alikufa nikimfokea." Akasukuma punje moja ya maharage mezani kwa kidole. "Huyu akiita, mimi napata nafasi ya kwenda mbio. Umenisikia nikienda mbio? Sasa ukimkata na asiite tena, mimi nitaenda wapi?"

Ndipo nilipoelewa vile vishindo vya miguu vya kila asubuhi, na nikaona haya kwa kicheko cha dukani. Nilichukua kisahani nikamsaidia kuchambua maharage. Tulipomaliza, Mama akasimama mbele ya tundu. Karani alikuwa akijaribu kula uji. Alichovya mdomo, akainua kichwa, na uji ukateremka kifuani, akajaribu tena. Mama alimwangalia mpaka akaacha. Kisha akaenda kutafuta katoni ya kumbebea, akaitoboa matundu kwa msumari, na ndani akatandika fulana ya marehemu.

Bungoma ilitupokea kwa joto lake. Daktari Simiyu aliketi kwenye veranda, mzee mrefu wa miguu mikavu, na jambo la kwanza alilosema alipoinuka lilimfanya Mama akumbatie katoni kwa nguvu. "Kalibu, Mama Wanjilu." Alikuwa amemjua mzee tangu shule. Alimtoa Karani kwenye katoni kwa taulo, amemfunika mabawa, akamtazama mdomo, akampapasa mfupa wa kifua, na akasema waziwazi kwamba kasuku hajawahi kumtibu. Ng'ombe, ndiyo. Alifikiri mdomo na kwato ni mambo ya ukoo mmoja: nje kuna ugumu usiohisi kitu, ndani kuna nyama na damu. Kwato nyeupe unaweza kuona damu inapoishia, lakini nyeusi huoni, na mdomo huu ni mweusi, kwa hiyo hautakatwa bali utapigwa tupa, pole pole, na watu watakuwa na subira. Akauliza ndege anakula nini. Mama akamweleza yote, mukimo, mkate, uji, njugu za kusaga. Daktari alisikiliza kama anayesikiliza sala.

"Umempikia vizuri sana," akasema. "Ng'ombe akikaa kwenye matope laini siku zote, kwato zinalefuka, hana mahali pa kuzisugulia. Huyu naye hana kitu kigumu. Na hizo njugu nyingi si nzuri kwa ini."

"Kwa hivyo ni mimi," Mama akasema.

"Ni huluma yako tu. Itarekebishika."

Kisha Mama akauliza swali alilokuja nalo kutoka Kitale, akaliuliza akiangalia sakafu: akishapigwa tupa, ataita tena? Daktari akamwambia sauti ya ndege haikai mdomoni, iko chini, kifuani, pale koo linapogawanyika. Mama akamuuliza kama ameiona. Akasema ameiona, amepasua kuku wengi.

"Kuku hasemi Wanjilu," Mama akamjibu.

Daktari Simiyu alicheka mpaka akavua miwani. Lakini hakumwahidi kitu, na hilo nalikumbuka kwa heshima hadi leo. Alisema mdomo anaweza kuurudisha. Kuita ni kwa ndege mwenyewe. Tukasubiri Mama aamue. Kuku walipita verandani. Mke wa Daktari alileta maji ya kunywa, akatutazama, akarudi ndani. Mwisho Mama akavuta kiti, akaketi, akamweka Karani kwenye mapaja yake ndani ya taulo, na kwa kidole gumba akamshika nyuma ya kichwa, mahali ambapo mzee alikuwa akimkuna.

Kazi ilichukua mchana mwingi. Daktari alitumia tupa ndogo ya kucha ya mkewe, akipiga mara chache, anaacha ndege apumue, anapiga tena. Kazi yangu ilikuwa kushika kijiti laini kati ya midomo miwili ili asimng'ate, na aliniuma hata hivyo, alama ninayo. Unga mweusi ulianguka kwenye taulo. Karibu na mwisho, ncha ikatoa tone la damu, dogo tu, na Mama akatoa sauti ambayo sijasikia mtu akiitoa. Daktari akaita unga. Mkewe akaleta kiganja cha unga wa mahindi, ule ule wa ugali, akaubana kwenye ncha, akahesabu chini kwa chini kwa Kibukusu, na damu ikasimama. Karani alipofunguliwa alitikisa manyoya yote, akafungua mdomo na kuufunga, akafungua na kuufunga, kama mtu aliyetolewa jino bandia la mwenziwe. Walimwekea gunzi bichi. Alilitazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili, akalishika kwa mguu, na akauma. Tulisikia likikwaruzika. Mama akainama akaificha sura yake kwenye taulo.

Kaburi halikuwa mbali, na dereva alikuwa bado hajamaliza kushusha chumvi, kwa hiyo tulikwenda. Shemeji yake, mjane mwenzake, alitupikia kuku na ugali wa wimbi, na kila aliyepita uani alimsalimu kwa jina, Wanjilu habari ya Kitale, Wanjilu umetusahau, watoto kwa wakubwa. Aliitikia kila mmoja kwa sauti ndogo. Baada ya chakula alisimama kaburini na katoni, akaifungua juu, akamwambia ndege, "Karani, mwite." Alingoja. Karani alitoa kichwa, akalitazama kaburi na nyasi na mgomba uliokuwa karibu, hakusema neno. Tulirudi Kitale jioni, mahindi machanga yamesimama pande zote za barabara, na njiani Mama alisema jambo moja tu: "Kule kila mtu ananiita vile alikuwa ananiita."

Bomba la plastiki lilitupwa. Nilikata tawi la mpera mwenyewe, nikalifunga kwa waya. Mama aliendelea kuponda mukimo wetu lakini Karani alipewa mahindi kwenye gunzi, sukumawiki, karoti nzima, na Jumapili mfupa mdogo wa kuku, na sakafu ikarudi kuwa ya kinu. Kifua kilijaa. Akapanda tena waya, mdomo, mguu, mguu. Alikuwa ndege mzima kwa kila hali isipokuwa hakuita. Mvua zikaja, zikapungua, mahindi yakapita kimo cha mtu. Kila asubuhi Mama alimimina kikombe cha udongo, akakiweka, akaketi. Nilianza kuamka mapema kwa ajili ya kusikiliza tu. Niliwaza kwamba labda ni mimi niliyemnyang'anya ile sauti na shauri langu la pikapu, na sikupata ujasiri wa kumuuliza.

Halafu asubuhi moja, mahindi yakianza kukauka, nikasikia kikohozi. Mara mbili, kavu. "Wanjilu! Chai!" Niliruka kitandani bila viatu, nikazunguka nyumba kwenye umande, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Mama alikuwa amesimama mbele ya tundu, mikono nyuma, kifua mbele, kidevu kimeshushwa shingoni. Alikohoa mara mbili. Akaita kwa sauti nzito, ile ile, kwa l ile ile aliyokuwa ameicheka maisha yake yote: "Wanjilu! Chai!" Karani alikuwa akisaga gunzi. Mama akasubiri, akakohoa tena.

Nilirudi kitandani na miguu iliyolowa. Hilo ndilo jibu la Nasimiyu, au nusu yake. Sauti aliyokuwa akiwasimulia kwa simu ilikuwepo kweli, nami niliisikia kila asubuhi kwa wiki nyingi kupitia magazeti ya ukutani. Alikuwa akimfundisha. Alikuwa na subira ya mwalimu wa darasa la kwanza, neno moja, kikohozi kimoja, na kila siku alikaribia zaidi, mpaka siku nyingine mimi niliyejua nilisahau kwamba ni yeye. Sikuwahi kusikia kitu cha upweke kama kile, wala cha upendo. Nilivaa koti langu jeupe, nikaenda kuuza dawa za kupe, sikumwambia mtu.

Wakati wa kuvuna nilikuwa nikimletea maziwa kutoka kwa Baba Kamau, aliyekuwa pia na ng'ombe, na siku moja nilifika mapema kuliko kawaida. Nilisimama nje na chupa, nikasikia kikohozi, nikafikiri nirudi. "Ingia," akasema kwa sauti yake. "Unaniingizia baridi." Niliingia. Sufuria ilikuwa motoni, maji ya chai yanaanza kulia. Mama hakuona haya na hakueleza kitu. Aliniangalia, akaweka mikono nyuma, akarudi kwenye tundu, na mbele yangu akashusha kidevu, akakohoa mara mbili, akaita: "Wanjilu! Chai!"

Karani aliliacha gunzi. Alisogea kwenye tawi mpaka akakaribia uso wake, akalaza kichwa, manyoya ya shingo yakasimama kidogo. Kisha akajibu. Hakuwa mwanamume. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyepesi, ya mtu anayeimba kidogo huku akifanya kazi, na kicheko kimefichwa mwishoni mwa neno.

"Ngoja ichemke, mpenzi."

Mama alishika waya za tundu kwa mikono miwili. Ndege akasema tena, vile vile, pole pole, na neno la mwisho likipanda juu. Sikuwahi kumsikia Mama akizungumza hivyo, lakini nilijua ni yeye. Ni sauti yake kabla ya huzuni kuishusha. Sisi tulidhani miaka yote ile Karani alikuwa akimsikiliza mzee peke yake. Alikuwa akisikiliza pande zote mbili, na hakuwa na sababu ya kumjibia Mama mpaka alipotokea mtu wa kuita. Mimi najua ndege hawezi kutoa ushahidi wa asubuhi moja. Anashika kile kilichosemwa siku nyingi. Nilijua hata wakati ule, na namshukuru Mungu kwamba kwa mara moja maishani sikufungua mdomo wangu.

Maji yalichemka yakamwagika kwenye moto, jiko likafoka na kujaza chumba mvuke, na hakuna aliyekwenda kuyaepua. Mama alinigeukia. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, na uso wake ulikuwa wa msichana.

"Naliaka," akasema, "umesikia? Sikumfokea."

Nikamwambia ndiyo, Mama, nimesikia.